Waridi Moja kwenye Pua ya Mama

Mama yangu ana miwani. Nataka hilo lieleweke mapema, kwa sababu yote yaliyotokea yasingetokea kama miwani hiyo ingekaa puani badala ya kukaa mkobani. Alipimwa macho miaka minne iliyopita, akapewa miwani ya kusomea, akaitia kwenye kasha lake, na kasha akalitia mkobani pamoja na leso na pipi za kikohozi. Ukimwuliza, anasema anaitunza mpaka azeeke. Ana miaka sitini na minne. Vya mbali anaviona vizuri mno. Mtu aliye ng'ambo ya barabara anamjua kabla hajavuka. Lakini mwekee kitu karibu, iwe ujumbe wa simu au maandishi ya chupa ya dawa, atakisogeza mbali, atakunja uso, kisha atakuambia umsomee kwa sababu mikono yake ina sabuni. Mikono ya mama yangu ina sabuni muda wote.

Ukaidi huohuo ndio uliomgombanisha na mdogo wake. Mama mdogo ni fundi wa nguo, fundi hasa, nusu ya walimu wa mji huu wamevaa mkono wake, na Mama alipostaafu ualimu miaka mitatu iliyopita yeye ndiye aliyeshona gauni la siku ya kuagwa. Alimtaka Mama aende akapimwe. Mama akasema hana nafasi, vipimo vyake anavijua kichwani, akamwandikia kwenye kikaratasi. Vilikuwa vipimo vyake kweli, ila vya miaka kumi na miwili nyuma. Siku yenyewe alijibana ndani ya lile gauni kwa kuzuia pumzi, na alipoinama kupokea cheti, zipu ya mgongoni ikaachia kuanzia shingoni hadi kiunoni, mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi mia nne.

Mama alisema ameshonewa mtego. Mama mdogo akajibu, na wala hakupunguza sauti, kwamba cherehani hushona namba iliyopewa. Tangu siku hiyo hawasemeshani.

Aliyeumia zaidi ni mimi, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nimelelewa nusu nyumba hii, nusu nyumba ile. Utotoni nilikuwa nakaa chini ya meza ya Mama mdogo na mabaki ya karatasi za kaki, naye akanipa rula yake iliyopinda, ile ya kuchorea kwapa na shingo, akanionyesha kwamba mstari unaopinda vizuri unatokana na alama mbili tatu zilizowekwa mahali pake, si alama mia. Kila kitu ninachojua kuhusu kuchora nilikianzia chini ya meza ile. Sasa nikienda kumsalimia, Mama ananuna siku mbili na kunijibu kwa mkato. Ikabidi niwe naenda kwa kujificha, mtu mzima wa miaka thelathini na sita, nikijisingizia foleni ya benki.

Kazi yangu ni picha za madoido. Niko kwenye duka la uchapaji, na mwenye duka tunamwita Sentimita, kwa sababu hana imani na kitu chochote ambacho hakijapimwa. Rula ya chuma haimtoki mfuko wa shati. Mteja analeta picha yake ya kawaida, amesimama wima mikono ubavuni, na mimi naiingiza kwenye programu ya kuchora, naikata kwa umbo la moyo, naipasua vipande kama chemshabongo, au naipitisha ndani ya herufi za jina lake. Wateja wote wana neno moja, ongeza maua. Ningekuwa na bustani ya maua yote niliyoyaongeza kwenye nyuso za watu, ningeshaacha kazi.

Ninachojivunia ni picha ya nukta. Naichukua sura ya mtu na kuigawanya kwa safu za viduara: penye kivuli kiduara kinakuwa kikubwa, penye mwanga kinakuwa kidogo. Ukisimama mbali unamwona mtu mzima mzima. Ukisogea, unaona kwamba kila kiduara ni kipicha chenyewe, kikubwa sawa na kifungo cha shati. Siri yake ni kwamba sivichori vyote. Nachora kimoja tu, ambacho hapa dukani tunakiita kiranja, na vingine vyote vinamfuata. Ukimbadilisha kiranja rangi, wote wanabadilika. Ukimtia picha nyingine, wote wanaibeba papo hapo. Tabia nzuri kuliko ya wanafunzi wengi waliopita mikononi mwa Mama.

Mwezi uliopita Mama alikuja dukani, akajikalisha kwenye kiti cha wateja, na kutoa agizo. Walimu wastaafu wenzake watakuja kunywa chai kwake Jumamosi, na mmoja wao ana picha yake ya shanga sebuleni ambayo kila mtu anaisifu mpaka inachosha. Basi yeye anataka picha ya nukta, upana wa mlango. Sura iwe yake. Kila nukta iwe waridi jekundu. Na picha ya kutumia akawa ameshaichagua: ile aliyopigwa siku ya kuagwa, amevaa gauni la Mama mdogo, dakika ishirini kabla ya zipu kuachia. Nilimkumbusha gauni hilo ni la nani. Akasema kwa mbele halina kosa.

Nikaanza kazi. Kila fundi wa picha ana picha yake ya majaribio, ile anayoitia mahali kwa muda ili aone mpangilio umekaaje kabla ya kuweka ya kweli. Yangu ni ya Mama mdogo. Nilimpiga siku moja akiwa kazini bila kumwambia: uso wa duara, kilemba chekundu, pini nne zimebanwa mdomoni, na macho yananitazama na kuniahidi kofi. Naipenda picha ile kupita zote nilizonazo. Kwa hiyo kiranja akawa yeye, nikapanga nukta zangu hamsini na tatu kwa upana na sabini na tano kwa urefu, sura ya Mama ikatokea safi, na kilichobaki kikawa kumtoa Mama mdogo na kuweka waridi.

Siku hiyohiyo, Jumatano, Mama mdogo akanipigia simu. Anafunga duka. Anahamia kwa binti yake, safari ya siku mbili kwa basi, na anaondoka Alhamisi ya wiki inayofuata. Cherehani ameshazifunga zote kwenye maboksi, amebakiza moja ya kumalizia nguo za watu. Aliyasema hayo kwa wepesi, kama mtu anayekutajia saa. Nilijua kwamba wakiachana hivi, na umri walionao, na nauli ya siku mbili katikati yao, hawatapatana tena. Nilipita kwa Mama kumwambia. Alikuwa anakoroga chai. Alikoroga zaidi ya sukari iliyomo, halafu akasema, "Aende salama." Kisha akaniuliza kama fremu iwe nyeusi au ya dhahabu.

Nilitoka mle ndani nimefura. Kesho yake asubuhi nikaifungua ile picha, nikaikuza mpaka nukta moja ikajaa kioo kizima, ile ya ncha ya pua, na nikamtoa Mama mdogo kwa hasira, nikapachika waridi. Waridi likajaa kioo, jekundu, zuri, limepinda linapotakiwa kupinda. Nikahifadhi faili, nikaifunga, nikasukuma kipanya mpaka ukutani.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angelichekea. Sikumgusa kiranja. Nilikuwa nimeikata nukta ile moja kutoka kwenye kundi na kuibadilisha peke yake. Nyingine elfu tatu mia tisa sabini na nne zilibaki zilivyokuwa, pini mdomoni.

Ijumaa mashine kubwa ikaanza kuitapika karatasi taratibu, na Sentimita amesimama juu yake na rula. Akapima ukingo wa kushoto. Akapima wa kulia. Kisha akainama.

"Maua yako yana pua," alisema.

Nikaangalia. Mama mdogo alikuwa kila mahali. Alikuwa kwenye mashavu ya Mama, kwenye kidevu, kwenye hereni, amejipanga safu kwa safu kwenye lile gauni alilolishona mwenyewe, ananitazama kwa macho elfu kadhaa ya kuniahidi kofi. Sentimita akaniuliza kama vipimo ni sahihi. Nikasema ni sahihi. Akasema basi kazi ni safi, akarudisha rula mfukoni na kwenda zake.

Nilikuwa na muda wa kurekebisha. Lazima nilikiri hilo, maana baadaye nilijitetea sana kwa watu kwamba yalikuwa makosa ya kompyuta. Karatasi ilikuwepo, wino ulikuwepo, ilikuwa ni kumfungua kiranja na kubofya mara mbili. Nikakumbuka "Aende salama." Nikakumbuka kijiko kinavyozunguka kwenye kikombe. Nikachukua ile picha kama ilivyo, nikaipeleka kwenye fremu, na sikubofya kitu.

Jumamosi asubuhi tukaitundika sebuleni. Mama alirudi nyuma mpaka mlango wa jikoni, akaitazama kwa mbali, na uso ukamchangamka. Kusema kweli alipendeza ukutani pale. Halafu akasogea karibu. Alisogeza kichwa nyuma, akakunja uso, akapitisha kidole juu ya kioo.

"Maua yametoka vizuri," alisema. "Mpaka miiba inaonekana."

Nilikimbilia jikoni kukohoa.

Nilijua yeye hataona, lakini wageni je? Nikafanya niliyoweza. Nikasogeza kochi kubwa mpaka chini ya picha, nikaweka kigoda na jagi la maua mbele ya kochi, na kila aliyeingia nikamweleza kwamba picha za aina hii huangaliwa kwa hatua saba, ukisogea unaiharibu. Wengi walinisikiliza, maana ni walimu na wanaheshimu kanuni. Wakaketi, wakapewa chai na keki, wakaisifu picha kwa hatua saba, na Mama akawa anazipokea sifa huku amekaa upande ambao yeye wa ukutani na yeye wa kwenye kochi wanaonekana kwa pamoja.

Aliyeniponza ni mwalimu mmoja wa Hesabu, mzee mrefu mwenye miwani minene, ambaye amestaafu lakini hesabu hazijamstaafu. Alianza kuhesabu nukta akiwa amekaa. Akapoteza hesabu, akainuka. Nikamletea keki, akaipokea bila kuiangalia. Akapiga goti moja juu ya kochi, akainama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo, akahesabu safu ya juu kwa kidole, kisha ya pembeni, midomo ikimchezacheza. Nikaona kidole kimesimama. Nikaona anaivua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

Nikajiandaa kwa lolote. Alichofanya ni kushuka kwenye kochi, kumwendea Mama, na kumshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hongera sana, Mwalimu," alimwambia. "Umefanya jambo la kiungwana."

Mama hakujua ni jambo gani. Nilimwona anamtazama, nilimwona anaitazama picha, na nilimwona anapiga hesabu yake mwenyewe: akiuliza, atakuwa amekiri kwamba kuna kitu ukutani kwake ambacho mgeni amekiona na yeye hajakiona. Akatabasamu.

"Asante," alisema. "Nimejitahidi."

Basi ikawa imefunguliwa njia. Mzee wa Hesabu alimnong'oneza aliye karibu naye, huyo akainuka, akapiga goti juu ya kochi, akaangalia, akarudi ameshika kifua. Kisha wa tatu. Hatua zangu saba hazikuheshimiwa tena na mtu. Mmoja mmoja walikwenda wakaangalia na kurudi kumpongeza Mama, na Mama akawa anajibu majibu ya jumla ambayo nayakumbuka mpaka leo. Kwamba ilikuwa ni suala la muda tu. Kwamba mtu hujitafakari. Miaka mitatu si michache, mmoja wao alimwambia, na Mama akasema hapana, si michache, na nilipoona kijasho kinamtoka juu ya mdomo nikajua sasa ameanza kuhisi. Aliyekuwa mwalimu wa muziki alimkumbatia akalia begani kwake. Kabla chai haijaisha, mama yangu alikuwa amepokea pongezi kumi na moja kwa jambo asilolijua.

Wageni walipoondoka nilikuwa naosha vikombe, naye akaja akasimama nyuma yangu. Aliniuliza walikuwa wanasifu nini hasa. Nikasema picha. Akauliza ni picha gani inayoliza watu wazima. Nikamwambia nukta ni kazi ngumu, zinagusa watu. Alinitazama, na nikaitazama mikono yangu, ambayo siku hiyo kwa mara ya kwanza ndiyo iliyokuwa na sabuni.

Mji wetu si mkubwa kihivyo. Jumapili saa nne Mama mdogo alikuwa kwenye simu.

"Nasikia mama yako amenitundika sebuleni," alisema.

Ningeweza kumdanganya. Ningesema ndiyo, dada yako amekupenda ghafla, kisha niache mambo yajiendeshe. Ulimi wangu ulikaribia kufanya hivyo. Lakini sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukisikia miaka mitatu, ilikuwa inatumaini, na kumchezea mtu anayetumaini sikuweza. Nikamweleza yote, kiranja na waridi na hasira na Ijumaa.

"Na pini mdomoni?"

"Na pini, Mama mdogo."

"Yeye hajui."

"Hajui. Hajavaa miwani."

Nilingoja acheke au anitukane. Aliniambia nisimwambie Mama. Alisema ataondoka akijua kwamba yuko kwenye ule ukuta, hata kama mwenye ukuta hana habari, na hilo litamtosha. Alipokata simu nilikaa kitandani nikalia. Nilikuwa nimejiona mjanja kwa siku mbili nzima, na ujanja wangu wote umempa mtu ninayempenda nafasi ya kujificha kwenye nyumba ya dada yake.

Jumatatu Mama hakupokea simu. Nilipiga mara nne. Jumanne asubuhi nilikuwa namkata mtu kwa umbo la nyota pale dukani, mlango ukafunguliwa, akaingia. Mkoba begani. Miwani puani. Sikuwa nimewahi kumwona nayo, na kwa kweli ilimkaa vizuri, ilimfanya aonekane mwalimu mkuu. Aliangalia kuta zetu, aliangalia mashine, aliniangalia mimi kwa karibu mpaka nikajisikia nina madoa.

"Ua hili moja," alisema, "linafanya nini kwenye pua yangu?"

Sentimita alikumbuka kwamba ana kazi chumba cha nyuma, lakini hakuenda.

Mama akakaa. Alieleza kwa utulivu, ule wa kusomea matokeo ya mtihani. Jana aliitoa miwani, akapanda kwenye kochi, akaanzia safu ya juu mkono wa kushoto. Wa kwanza alikuwa mdogo wake. Wa pili alikuwa mdogo wake. Alipofika mwisho wa safu alikuwa tayari kuja kuninyonga, lakini yeye si mtu wa kuacha kazi nusu, akaendelea na ya pili, na ya tatu, akishuka, hasira zinapanda, mpaka akafika puani. Hapo akakuta waridi. Peke yake, katikati ya watu wote wale. Akacheka mpaka akaketi, akacheka akiwa ameketi, na alipomaliza kucheka akajikuta hawezi tena kukasirika vizuri.

Niliomba radhi. Nikamwambia nilitaka zote ziwe maua, nikakosea, nikabadilisha moja.

"Na ulipoona umekosea?"

"Nikaacha."

Akatikisa kichwa polepole, na sikujua ni kunilaumu au ni nini. Kisha akafungua mkoba, akatoa kasha la miwani, na kutoka chini kabisa ya kasha lile, chini ya kile kitambaa cha kufutia, akachomoa kipicha kidogo, kile cha kitambulisho, kingo zimelika. Alikuwa Mama mdogo. Hakikufaa kitambulisho chochote, kwa sababu mpiga picha alimkuta anacheka mdomo wazi. Miaka minne mimi nilidhani kasha lile halifunguliwi.

"Ya kwako ana pini mdomoni," Mama alisema. "Mtu mwenye pini mdomoni hasemi, na hasemeshwi asije akazimeza. Mtie hii." Akaniwekea mezani. "Ukibadilisha mmoja?"

"Nikimbadilisha kiranja, wanabadilika wote."

"Mbadilishe."

Nikakipitisha kile kipicha kwenye mashine ya kunakili, nikafungua faili, na safari hii nikamfungua kiranja mwenyewe. Nikabofya. Kwenye kioo, watu elfu tatu mia tisa sabini na wanne waliokuwa wamebana pini walifungua midomo wakacheka. Mama aliwatazama kwa karibu, kwa miwani, muda mrefu. Nilimwuliza kama niondoe lile waridi. Akasema niliache, ndilo lililomwokoa.

Nilidhani tumemaliza. Lakini alisimama, akaweka mkoba kwenye kiti, akamwuliza Sentimita kama ana futi ya kitambaa. Anayo, ya kupimia mabango. Mama akaichukua, akanipa mimi, akainua mikono yote miwili.

"Kiuno," alisema. "Na usivute."

Sentimita akageukia ukuta kwa adabu. Nikampitishia Mama futi mwilini, nikaona anataka kuzuia pumzi kwa mazoea, kisha nikaona anaiachia. Tumbo likakaa mahali pake. Nikasoma kwa sauti ya chini: mia moja na nne na nusu. Kile kikaratasi cha miaka mitatu iliyopita kiliandikwa themanini na mbili, nakikumbuka, Mama mdogo alikibandika kwenye ukuta wa duka lake mwezi mzima. Mama akafumba macho, akayafumbua.

"Andika."

Nikachukua karatasi nikaandika. Kifua, nikaandika. Nyonga, nikaandika. Mabega, urefu wa mkono. Aliniuliza kama ile cherehani moja bado haijafungwa. Nikasema haijafungwa, mpaka kesho. Alisema mdogo wake amewahi kushona gauni zima kati ya chai ya asubuhi na ya jioni, na kama amesahau, yeye atakaa palepale kumkumbusha. Ataipeleka karatasi mwenyewe.

Akaipokea mkononi mwangu, na kwa tabia akainyoosha mbali na uso. Kisha akakumbuka kwamba amevaa miwani, akaisogeza karibu. Akaisoma mstari kwa mstari. Kwenye kiuno kidole chake kikasimama, na nikajua amegundua, kwa sababu kwa kumwonea huruma nilikuwa nimeandika mia moja na nne.

Akairudisha mezani mbele yangu, akanipa kalamu.

"Na nusu," alisema.

Nikaandika nusu.